Walimu Watatu wa Sheria kutoka Kitui na Makueni

Watu wengi wakisikia neno sheria huwaza askari, pingu na gereza. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sheria ni elimu, kama vile utabibu na ukulima bora ulivyo elimu, na kwamba elimu hiyo ina walimu wake, madarasa yake na vitabu vyake. Hakimu aketiye kitini na wakili asimamaye mbele yake, wote wawili walifundishwa na mtu. Katika somo hili tutaeleza kazi ya mwalimu wa sheria, na mifano yetu tutaitwaa katika Kitui na Makueni, nchi ya Ukambani iliyo kavu na yenye mvua haba, ambayo imetoa walimu watatu wa sheria waliojulikana mbali sana na kwao. Nao ni Dakta Willy Mutunga na Profesa Makau Mutua, wazaliwa wa Kitui, na Profesa Kivutha Kibwana, mzaliwa wa Makueni.

Jambo tunalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni hili: elimu ya sheria haipimwi kwa ukubwa wa cheo cha aliyeipata. Hupimwa kwa kadiri anavyoirudisha kwa watu ambao hawakupata nafasi ya kuisoma. Walimu hawa watatu kila mmoja alijaribiwa katika jambo hilo, na kila mmoja kwa njia yake.

SHERIA KABLA YA VYUO

Mkamba wa zamani hakuwa mtu asiye na sheria. Katika kila utui wazee walikutana katika baraza lao lililoitwa nzama, wakasikiliza madai ya ng'ombe, ya mahari na ya mipaka, wakakata shauri. Shauri lililokuwa gumu mno, ambalo mashahidi wake walipingana, liliweza kuamuliwa kwa kiapo cha kithitu, ambacho watu walikiogopa sana. Sheria hiyo haikuandikwa, lakini kila mtu mzima aliijua, kwa maana alikua akiisikia ikisemwa mbele yake.

Serikali ya kikoloni ilipokuja ilileta sheria ya namna nyingine, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuamuliwa na watu waliosomea Uingereza. Mabaraza ya wenyeji yaliachiwa mashauri madogo ya mila. Mambo makubwa, kama vile ardhi, kodi na amri za Gavana, yakawa mikononi mwa watu wengine. Hapo ndipo mwananchi alipoanza kuishi chini ya sheria asiyoweza kuisoma.

Mfano mmoja watu wa Ukambani wanaukumbuka hata leo. Mwaka 1938 Serikali iliamuru mifugo ipunguzwe katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ndani yake mlikuwamo na Makueni, ikisema kwamba ng'ombe wamezidi na ardhi inaharibika. Ng'ombe wakatwaliwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Watu wengi, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Mwisho wake Serikali ililegeza amri ile ya mifugo, lakini Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishwa mpaka Lamu pasipo kuhukumiwa na mahakama. Katika watu wote waliokwenda Nairobi hapakuwa na wakili hata mmoja wa kabila lao awezaye kusimama na kuuliza: ni sheria gani inayomruhusu mtu kuondolewa kwao bila kesi?

MLANGO ULIOFUNGWA NA KUFUNGULIWA

Kwa nini hapakuwa na wakili? Kwa sababu serikali za kikoloni katika Afrika ya Mashariki hazikupenda kutoa misaada ya masomo kwa Mwafrika aliyetaka kusoma sheria. Zilisema kwamba nchi ina haja ya walimu, matabibu na mabwana shamba kwanza. Chuo cha Makerere, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa ndicho chuo kikuu cha nchi hizi, hakikuwa na kitivo cha sheria wakati huo. Aliyetaka kuwa wakili ilimlazimu kufika London, na safari ile ilihitaji fedha ambazo mkulima wa Kitui hakuwa nazo. Hata C. M. G. Argwings-Kodhek, anayehesabiwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika katika Kenya, alisomea Uingereza.

Mambo yalibadilika uhuru ulipokaribia. Mwaka 1961 kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Lord Denning, jaji mashuhuri, ilitoa taarifa yake juu ya mafunzo ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, nayo ikashauri kwamba wanasheria wa Afrika wafundishwe katika Afrika yenyewe. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, na kitivo chake cha kwanza kikawa cha sheria. Wanafunzi walikuwa wachache kiasi cha kutoshea katika chumba kimoja. Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwamo Mwingereza kijana, William Twining, mzaliwa wa Kampala, ambaye baba yake alikuwa Gavana wa Tanganyika mpaka mwaka 1958. Baba alitawala kwa amri, na mwana akaja kuwafundisha vijana wa Kiafrika kuzipima amri kwa sheria. Baadaye Twining alipata kuwa profesa mwenye sifa kubwa huko Uingereza.

Toka mwaka 1963 hadi 1970 kilikuwapo Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hivyo kijana wa Kenya aliyetaka shahada ya sheria alielekea Dar es Salaam. Katika mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake, kikaanzisha kitivo chake cha sheria.

MTOTO WA FUNDI CHEREHANI

Willy Mutunga alizaliwa mwaka 1947 katika Kilonzo, Kitui, mwana wa fundi cherehani. Alisoma shule za nyumbani, kisha akaendelea Nairobi katika chuo cha Strathmore, na hatimaye akafika Dar es Salaam. Huko alipata shahada ya kwanza ya sheria mwaka 1971 na ya pili mwaka 1974. Dar es Salaam ya siku zile haikufundisha sheria kama orodha ya makatazo tu. Walimu waliwataka wanafunzi waulize sheria imetoka wapi, imemfaa nani, na imemwacha nani nje. Ndipo pia alipokuwa akifundisha historia Walter Rodney wa Guyana, ambaye maneno yake yaliwavuta vijana wengi.

Mutunga aliporudi Nairobi akawa mwalimu wa sheria ya katiba katika Chuo Kikuu, mmoja wa Waafrika wa kwanza kulifundisha somo hilo katika Kenya. Pamoja na kufundisha, alishiriki kazi za Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 ili kuwapa maskini mashauri ya sheria bila malipo. Wenzake walimchagua kuwa katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa vyuo vikuu, nacho chama hicho Serikali ilikipiga marufuku mwaka 1980.

Mwezi wa Juni 1982 alikamatwa. Kwanza alishtakiwa kuwa na karatasi ya uchochezi. Kisha kesi ile ikaondolewa, na badala ya kuachiwa akawekwa kizuizini pasipo kuhukumiwa, mpaka Oktoba 1983. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini. Mtu huyu kila mwaka alisimama mbele ya wanafunzi akawafundisha kwamba mtu hafungwi pasipo mahakama kumwona na hatia. Sasa akafungwa yeye mwenyewe pasipo mahakama, kama Muindi Mbingu alivyohamishwa miaka 44 kabla yake. Tofauti ni kwamba Mbingu alitendwa hivyo na wageni, na Mutunga alitendwa hivyo katika nchi iliyo huru. Somo lake ni kwamba uhuru wa bendera hautoshi, kama sheria iliyoachwa na mkoloni ingali ile ile.

Alipotoka kizuizini hakurudishiwa kazi yake ya ualimu. Alifanya uwakili, akaenda Kanada kusoma katika chuo cha sheria cha Osgoode Hall, Toronto, akapata udaktari. Mwaka 1990 alitoa kitabu juu ya haki za mtu aliyekamatwa na kushtakiwa. Mtu aliyekatazwa darasa alipata hivyo darasa kubwa zaidi, kwa kuwa kitabu huingia hata mahali ambapo mwalimu hawezi kuingia. Baadaye akawa mwenyekiti wa Chama cha Mawakili wa Kenya, kisha mkurugenzi wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la Serikali ambalo yeye na Makau Mutua walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Katiba mpya ilipopatikana mwaka 2010, cheo cha Jaji Mkuu hakikutolewa tena kwa siri. Wenye kukitaka walihojiwa hadharani, wananchi wakitazama kwa televisheni. Mutunga alifaulu, akaapishwa mwezi wa Juni 2011. Katika muda wake majaji waliacha kuvaa nywele za bandia za Kiingereza, na mpango wa kuigeuza Mahakama imfae mwananchi ukatolewa mwaka 2012. Lakini si kila alichofanya kilisifiwa. Tarehe 30 Machi 2013 Mahakama ya Juu, yeye akiwa kiongozi wake, iliyakataa maombi ya kubatilisha uchaguzi wa Rais, na wasomi wengi wa sheria waliikosoa hukumu hiyo. Alistaafu mwaka 2016. Msomaji asishangae kuona mwalimu akikosolewa na walimu wenzake, maana hivyo ndivyo elimu hii inavyokua.

MWANAFUNZI ALIYEFUKUZWA

Makau Mutua alizaliwa Kitui mwaka 1958. Alisoma Kitui School, kisha Alliance, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusoma sheria. Mwaka 1981 alifukuzwa kwa sababu ya harakati za wanafunzi. Kwa kijana wa kijijini, ambaye wazazi na jamaa walimtazamia, kufukuzwa chuoni ni msiba. Wengi wangevunjika moyo. Yeye alivuka mpaka akaenda Dar es Salaam, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1983 na ya pili mwaka 1984. Kutoka huko alikwenda Marekani katika Chuo Kikuu cha Harvard, akapata udaktari wa sheria mwaka 1987. Alifanya kazi Harvard katika idara ya haki za binadamu, na mwaka 1996 akaenda kufundisha katika chuo cha sheria cha Buffalo, katika jimbo la New York. Mwaka 2008 akawa mkuu wa chuo hicho cha sheria, akakaa katika cheo hicho mpaka mwaka 2014.

Pengine msomaji atauliza mkuu wa chuo cha sheria hufanya nini. Kazi yake si kufundisha tu. Hutafuta walimu walio hodari na kuwaajiri, huhakikisha kwamba mitihani ni ya haki, hutafuta fedha za vitabu na za kuwasaidia wanafunzi maskini, na huamua pamoja na wenzake ni masomo gani yafundishwe. Tena hulinda uhuru wa walimu kusema waliloliona kuwa kweli. Basi yule aliyefukuzwa chuo kimoja kwa sababu ya maneno yake, akaja kukabidhiwa chuo kingine na kuwa mlinzi wa maneno ya wengine.

Katika maandishi yake Mutua alipinga tabia ya kuwaona Waafrika kuwa ni watu wa kuokolewa daima na wageni. Alisema kwamba haki za binadamu zisiwe vazi lililoshonwa Ulaya ambalo kila mtu sharti alivae hivyo hivyo, bali zijengwe pia juu ya mila za watu wenyewe. Wazee wa nzama wangemwelewa.

Wala hakuisahau nchi yake. Mwaka 2003 Serikali ilimpa uongozi wa kamati ya kuwauliza wananchi kama wanataka tume ya kuchunguza maovu ya miaka iliyopita. Kamati ilizunguka nchi, ikaleta jibu kwamba wananchi wanaitaka, na kwamba iundwe upesi. Ushauri huo ulikaa bila kutekelezwa. Tume ya ukweli, haki na maridhiano ilipatikana baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo yaliua watu zaidi ya 1,000.

PROFESA NA KAUNTI YAKE

Kivutha Kibwana alizaliwa Makueni mwaka 1954. Alipata shahada ya kwanza ya sheria Nairobi mwaka 1977, akaongeza elimu London na Marekani, akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alipata kuwa mkuu wa kitivo cha sheria. Katika miaka ya 1990 alikuwa mmoja wa viongozi wa harakati za kudai katiba mpya, na mwaka 1997 aliwahi kusimama katika mikutano ya hadhara iliyotawanywa na polisi. Mwaka 2002 watu wa Makueni walimchagua kuwa mbunge, akawa pia waziri. Mwaka 2013, chini ya Katiba mpya, akawa gavana wa kwanza wa kaunti ya Makueni, akaiongoza mpaka mwaka 2022.

Hapa ndipo elimu yake ilipojaribiwa. Mara alipoanza kazi palizuka ugomvi mkubwa kati ya serikali yake na bunge la kaunti juu ya matumizi ya fedha. Kazi zikakwama. Mwezi wa Septemba 2014 risasi zilipigwa katika makao ya kaunti huko Wote, na watu kadhaa wakajeruhiwa. Katika nchi nyingi ugomvi wa namna hiyo humalizwa kwa mabavu. Makueni walifungua Katiba. Ibara ya 192 inasema kwamba serikali ya kaunti yaweza kusimamishwa na Rais kwa sababu nzito, baada ya uchunguzi wa tume huru na idhini ya Baraza la Seneti, na baadaye uchaguzi ufanywe upya. Sheria nyingine inawapa wananchi nafasi ya kuomba jambo hilo, wakipata sahihi za asilimia 10 ya wapiga kura wa kaunti. Basi wananchi wakaweka sahihi zao, na gavana mwenyewe akaunga mkono ombi ambalo lingeweza kumwondoa kazini.

Tume iliundwa, ikiongozwa na wakili Mohammed Nyaoga, ikasikiliza watu, ikashauri kaunti isimamishwe. Mwezi wa Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliukataa ushauri huo, akawataka wote wapatane na kufanya kazi. Hivyo ombi la wananchi halikutimizwa. Lakini mkulima wa Makueni alikuwa amejifunza kwamba Katiba si kitabu cha kuwekwa kabatini, na kwamba sahihi yake au alama ya kidole chake ina uzito mbele ya wakubwa.

Baada ya hapo kaunti ile ilisifiwa kwa mabaraza yake ya wananchi, yaliyoanzia kijijini na kupanda hatua kwa hatua hadi kaunti nzima, ambamo watu walichagua wenyewe kama wanataka kwanza bwawa, zahanati au barabara. Toka mwaka 2016 jamaa moja iliweza kutibiwa katika hospitali za kaunti kwa kulipa shilingi 500 kwa mwaka. Mwaka 2017 Kibwana alichaguliwa tena.

NJIA ILIYO WAZI

Kijana wa siku hizi hana haja ya kwenda London. Shahada ya sheria hupatikana katika vyuo vya Kenya kwa masomo ya miaka minne. Akitaka kuwa wakili huendelea katika Kenya School of Law, hufanya kazi miezi sita chini ya wakili mzoefu, hushinda mtihani, kisha jina lake huandikwa katika daftari la mawakili. Akitaka kuwa mwalimu wa sheria itampasa aongeze shahada, asome sana na aandike. Njia ni ndefu. Lakini walioipita kabla yake walianzia katika shule zile zile za Kitui na Machakos.

Hata asiyekusudia kuwa mwanasheria yampasa ajue machache. Katiba ya 2010 inasema kwamba mtu akikamatwa aambiwe upesi sababu yake, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuonana na wakili. Afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au ikiwa saa hizo zinaishia siku isiyo ya kazi, basi siku ya mahakama inayofuata. Mkamba asiyejua Kiingereza wala Kiswahili apewe mkalimani pasipo malipo. Tena mahakama zimeagizwa kuzikuza njia za kienyeji za kupatanisha watu, ilimradi zisivunje haki za mtu wala zisipingane na Katiba. Kwa hiyo nzama ya wazee haikufa, imepewa mahali pake.

Muindi Mbingu hakuwa na mtu wa kumwambia maneno haya. Willy Mutunga aliyajua yote, wala kuyajua hakukumwokoa, kwa sababu wakati ule waliokuwa wakiyajua walikuwa wachache. Haki inayojulikana na wachache ni rahisi kuvunjwa. Ndiyo sababu mwalimu wa sheria hawezi kuimaliza kazi yake darasani peke yake. Huimaliza pale ambapo mama auzaye maembe Wote na kijana achungaye mbuzi Mwingi wanaweza kuitaja haki yao bila kuogopa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini serikali za kikoloni hazikupenda Waafrika wasome sheria? Je, sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli?

2. Mambo yaliyompata Muindi Mbingu mwaka 1938 na yaliyompata Willy Mutunga mwaka 1982 yanafanana wapi, na yanatofautiana wapi?

3. Je, watu wa Makueni walipata faida gani kwa kuweka sahihi zao, ingawa ombi lao lilikataliwa?

4. Katika kijiji chenu, ni nani awezaye kuwasomea na kuwaeleza wengine haki za mtu aliyekamatwa? Ikiwa hayupo, mnaweza kufanya nini?